Nitumie kwa Ile Namba Nyingine

Kama kuna kitu kimezidi huku kwetu kuliko vumbi na mabango ya ploti za kuuza, ni watu wa kuwafundisha vijana mambo ya pesa. Kuanzia Githurai hadi Makongeni, kila kanisa lina semina. Likizo ya Agosti ikifika, kila kundi la vijana lina mgeni wa heshima wa kuja kuhubiri akiba. Chama cha mama watoto nacho, ambacho kazi yake hasa ni kugombania sufuria za kukodisha, kimeunda kamati ya vijana na fedha, na kamati hiyo imeniteua mimi niwe msemaji. Bila kuniuliza. Bila malipo. Na chai ni juu yangu.

Nilienda kwanza kusikiliza wenzangu husema nini. Semina yenyewe ilikuwa hapa Ruiru, chini ya hema, viti vya plastiki, spika mbili zenye nguvu za kuhubiria Murang'a nzima. Msemaji alichelewa saa moja na nusu, akaingia na suti ya bluu bila soksi. Akauliza, "Nani hapa anataka kuwa milionea kabla ya kufika miaka 30?" Mikono yote juu, hata wa mzee wa kanisa aliyestaafu siku nyingi. Akatuambia tufumbe macho, kila mtu aione nyumba anayoitaka, na gari lililoegeshwa mbele yake. Vijana wakafumba. Mimi jicho moja nililiacha kazini, maana simu yangu ilikuwa juu ya kiti.

Tulipofumbua, meza ilikuwa imejaa vitabu. Shilingi 1,000 kwa watu wazima, 800 kwa vijana. Kijana aliyeketi kando yangu, wa kuosha magari, akatoa simu, akabonyezabonyeza, akapewa chake. Sikukusudia kuchungulia skrini, ila macho hayana breki. Kwenye M-Pesa alikuwa na shilingi 64. Zile 736 zilizopungua zilitoka Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Akaondoka pale amekumbatia kitabu cha namna ya kuishi bila madeni.

Ndipo nikaanza kushuku kwamba hawa wasemaji wanatibu goti na mgonjwa anaumwa jino. Wanasema vijana hawajui hesabu ya pesa. Hawajui? Binti yangu yuko chuo kimoja kule Thika. Alikuwa mtoto wa kubebwa M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kwa hiyo hajawahi kuishi katika dunia ambayo pesa haina ada. Anajua kwamba kutuma hadi shilingi 100 ni bure, na ukivuka hapo hadi 500 unakatwa 7. Basi akitaka kumtumia mwenzake 300 hatumi 300. Anatuma 100, anangoja meseji, anatuma 100 nyingine, anangoja, anamalizia. Mara tatu, kidole kimoja, huku anatafuna na kunieleza kwamba mimi ninayetuma mara moja ndiye ninayewatajirisha. Mhasibu gani wa kaunti atakuonyesha umakini huo?

Hesabu wanayo. Kitu ambacho hawajawahi kukutana nacho ni pesa kuisha.

Zamani pesa iliisha. Ilikuwa inaisha kabisa, unageuza mfuko nje unabaki na uzi na maganda ya njugu. Ukiwa shule ya bweni, noti ya ishirini ikiisha wiki ya pili, umebaki na wiki kumi za kuangalia wenzako wakipaka Blue Band. Leo kijana muda wa maongezi ukiisha, kuna Okoa Jahazi: omba 100, upewe 90, udaiwe 100. Pesa ikiisha kwenye M-Pesa kuna Fuliza, ambayo tangu Januari 2019 imekuwa ikikumalizia malipo yako hata kama huna, kisha inakata ada yake, kisha inakaa mlangoni. Siku pesa yoyote ikiingia, iwe ni mshahara au rambirambi, inachukua chake kwanza. Na vyote viwili vikigoma, kuna mama. Mama hana kikomo cha mkopo wala tarehe ya kulipa.

Nilikuja kuielewa Fuliza vizuri kupitia kwa huyo huyo mhasibu wangu wa Thika. Alinipigia jioni moja.

"Baba, umeshindaje?"

Mtoto wa chuo akikuuliza umeshindaje, shika mfuko.

"Nimeshinda salama. Kiasi gani?"

"Ai, Baba! Elfu mbili tu. Za kuchapisha noti, na unga."

"Sawa, natuma sasa hivi."

"Ngoja! Usitume kwa hii. Nitumie kwa ile namba nyingine."

"Namba gani?"

"Ya rafiki yangu. Hii yangu iko na shida ya netiweki."

"Si hii ndiyo unanipigia?"

Kimya kidogo. "Shida iko upande wa M-Pesa, Baba. Kupiga inapiga."

Nilikuwa karibu na steji ya Ruiru, basi nikamuuliza ajenti wa M-Pesa kama kuna hitilafu. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa anahesabu pesa akapoteza hesabu. "Mzee, hakuna hitilafu yoyote. Ana Fuliza. Ukituma kwa laini yake zitamezwa, hataziona hata kwa macho." Akaniambia wazazi wa aina yangu huwahudumia kila siku, wote wamepewa namba ya rafiki, wote wameambiwa ni netiweki.

Nilipombana binti, alifunguka. Anadaiwa 1,340. "Lakini Baba, si deni. Ni Fuliza tu." Na ile namba nyingine? Kumbe ni ya msichana mmoja wa hosteli ambaye hajawahi kuigusa Fuliza, laini yake ni safi, kwa hiyo anapokea pesa za karibu orofa nzima. Anapokea, anatoa, anawagawia wenyewe, na kila mmoja anamwachia shilingi 20. Wazazi kutoka Nyeri hadi Kisii wanamtumia pesa mtoto wa watu ambaye hawajawahi kumwona. Huyo, kwa maoni yangu, ndiye aliyefaa kuletwa chini ya lile hema aongee, na asingehitaji spika.

Siku za mkopo wa HELB kuingia sitazizungumzia. Ukikaa Ruiru unasikia shangwe za wanafunzi wa Juja.

Mpwa wangu yeye hakwenda chuo. Ana bodaboda, steji yake ni Makongeni, na ana miaka ishirini na kitu. Siku Hazina ya Hustler, ile ya mikopo ya serikali, ilipozinduliwa, tarehe 30 Novemba 2022, alikuwa kati ya watu wa kwanza kubonyeza. Akaomba 500. Ikaingia 475. Akaniendea mbio, pikipiki hata hajaizima.

"Anko, nimeibiwa mbao na ngovo."

Nikamketisha. Nikamweleza kwamba zile 25 ni asilimia 5 ambayo serikali imemkata kumwekea akiba, na kwamba akiba hiyo nayo imegawanywa: asilimia 70 ni ya uzeeni, 30 ni ya karibu. Tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli. Shilingi 17 na senti 50 zilikuwa zimeenda kumsubiri huko mbele akiwa babu. Shilingi 7 na senti 50 zilikuwa za shida za hapa kati. Akaitazama ile risiti kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kuna njia ya kuzitoa zile za uzeeni mara moja, aziweke kwa kindege, azirudishe jioni.

Kindege, kwa wale ambao Mungu amewaepusha nacho, ni Aviator. Kwenye simu kuna kindege chekundu kinapaa, namba inapanda nacho, mara moja nukta mbili, mara mbili, mara tano, na wewe unatakiwa uchomoe pesa zako kabla hakijatoweka. Kinatoweka kinapojisikia. Nimesimama pale steji nikaona kijana akichezea nauli ambayo abiria bado hajashuka kuilipa. Na kila mmoja ana hadithi moja tu, ya "nilikuwa nikitoa". Hujawahi kumsikia aliyechelewa kwa saa nzima. Wote wamechelewa kwa sekunde moja.

Ukiwaonya wanakutajia Samuel Abisai. Ni kweli, mwaka 2017 alibashiri mechi 17 zote sawasawa akaondoka na shilingi milioni 221, na picha yake na ile hundi kubwa ya kubebwa kwa mikono miwili haijatoka vichwani mwa vijana hadi leo. Waliokosa wiki hiyo hiyo hawakupewa hundi ya kuonyesha walichokosa, wala mpigapicha. Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mpwa wangu akanilalamikia kwamba redio imekuwa na nyimbo nyingi kupita kiasi.

Lakini mwacheni mpwa wangu kidogo, kwa sababu steji si mahali alipoanzia kujifunza pesa. Alianzia nyumbani, na nyumbani kwa watu wengi somo ni lile lile. Jirani yangu hapa ana mtoto wa gredi ya 5. Mtoto akiomba viatu vya michezo anajibiwa "hakuna pesa". Jumamosi anaiona picha ya baba yake kwenye simu ya mjomba: baba yuko Kamakis, mbele yake ubao wa mbavu za mbuzi, na waimbaji wa mugithi wamemzunguka. Jumapili pesa za sadaka zipo. Jumatatu anaomba viatu tena, hakuna pesa. Jumanne analia vizuri zaidi, viatu vinanunuliwa. Mtoto huyo akifika miaka 20, ukimwambia pesa imeisha, atakuamini vipi? Yeye anajua kinachotakiwa ni kulia kwa bidii kidogo. Fuliza hata haihitaji kuliliwa.

Na ajaribu kuuliza, "Baba, unalipwa pesa ngapi?" Nyumba nzima itanyamaza. Mtoto wa Kikenya anaweza kuuliza mahali watoto wanatoka akapata jibu la uongo, lakini akiuliza mshahara anaambiwa akalale.

Marehemu baba yangu hakuhudhuria semina hata moja, na ualimu wake wa pesa haukuwa wa kukusudia. Alikuwa na kahawa Gatundu. Malipo ya ushirika yalikuja yalipotaka, pengine baada ya miezi na miezi ya kuahidiwa, na siku yalipokuja baba alifika nyumbani gizani, akafunga mlango kwa komeo, akaweka taa ya mafuta katikati ya meza, akazimwaga pesa. Hakutufukuza. Tungeenda wapi, nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kukaa. Akaanza kupanga marundo: hili karo, hili deni la duka, hili mbolea, hili kanisa. Mama aliketi upande wa pili, mkono umefunika rundo lake la unga na mafuta, na mkono huo hakuuondoa. Rundo dogo kabisa lilikuwa karibu na taa. Hilo lilikuwa la nguo za Krismasi. Karo ikipungua, baba alinyoosha mkono karibu na taa. Mbolea ikipungua, karibu na taa. Tulikuwa tumesimama pale watoto watano, macho kwenye vidole vyake, tukiziona kwa macho yetu suruali zikiwa kaptula, kaptula zikiwa soksi.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulisambaratika, ule mgao uliokuwa ukishikilia bei ukaondoka, na bei ikaporomoka dunia nzima. Hakuna aliyenieleza hayo, nilikuwa na miaka 12. Nilichojua ni kwamba malipo yaliyofuata, rundo la karibu na taa halikuwepo kabisa. Baba hakusema "hakuna pesa". Hakuhitaji. Tuliiona meza. Nikavaa shati la mwaka uliotangulia, mikono ikiwa imefika kwenye kiwiko, na sikumuuliza mtu.

Leo hiyo meza iko wapi? Hata kahawa yenyewe iko wapi? Ruiru, mji ulioipa Kenya aina ya kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985 pale kwenye kituo cha utafiti, siku hizi unapanda bedsita, na zinaota vizuri; sensa ya 2019 ilitukuta zaidi ya watu 490,000. Mshahara unaingia kwa meseji na kutoka kwa meseji. Kodi ni meseji, karo ni meseji, stima ni meseji yenye tarakimu 20. Mtoto anachokiona ni baba anatazama simu, anaguna, anaiweka kifudifudi. Kwa kugunaguna huko atajifunza bajeti gani?

Kwa hiyo badala ya hotuba kwa chama cha mama watoto, nilianzisha utaratibu kwa kijana wangu wa mwisho, wa gredi ya 7. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana ninamhesabia shilingi 150 mezani, kwa sarafu. Si kwa simu. Nataka azione na zimlemee mfukoni. Zile sarafu mpya zilizotoka Desemba 2018 zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu zina wanyama: ndovu kwa 20, simba kwa 10, kifaru kwa 5, twiga kwa moja. Ndovu watano, simba watano. Hizo ni za wiki nzima za chochote kisicho chakula cha nyumbani wala nauli: smokie, mutura, kucheza gemu kwa yule jamaa wa kibanda. Zikiisha zimeisha. Sitauliza zimeendaje, na sitaongeza.

Wiki ya kwanza ndovu wote walikufa Jumatatu. Simba wakafuata Jumanne saa kumi, mahali fulani kati ya shule na kibanda cha gemu. Jumanne usiku akaja kunitazama. Nikaendelea kutazama habari. Jumatano akaosha gari bila kutumwa. Nikamshukuru. Alhamisi alikuwa na smokie mkononi, kachumbari hadi kwenye shavu. Nilipofuatilia nikakuta upinzani mzima ndani ya nyumba yangu. Mama yake alikuwa amemwongezea hamsini "za kalamu". Dada yake wa chuo, mwenye deni la Fuliza, alikuwa amemtumia mia kupitia kwa simu ya mama yake, kwa huruma. Deni linamhurumia mwenye njaa!

Nikaitisha mkutano. Nikasema mtu yeyote akiongeza, namkata kwenye pesa za saluni. Mambo yakatulia. Juzi Alhamisi kijana akapita sebuleni, nikamuuliza kwa ujanja kama anataka kunisindikiza kwenye duka. "Zangu zimeisha, Baba," akasema, kama mtu anayekwambia mvua imeacha, akatoka zake kucheza mpira. Hakuomba. Hakunitazama hata. Nilitaka kumwambia mtu, lakini kabla sijapata wa kumwambia simu ikalia. Mama yangu, kutoka Gatundu.

"Wewe. Nasikia mtoto anashinda njaa."

"Mama, hajashinda njaa. Anakula mara tatu. Ni pesa zake za smokie zimeisha."

"Zimeishaje na wewe uko hai?"

Nikajaribu kumkumbusha ile meza, ile taa, lile rundo. Nikamwambia yeye mwenyewe alifunika pesa ya unga kwa mkono. Akasema nilikuwa mtoto mlafi na kwamba hayo hayahusiani. Akasema ameshatuma mia tano kwa simu ya mke wangu, ametoa kwenye zile elfu mbili zake za wazee za Inua Jamii, na kwamba ameweka na za kutolea. Akakata.

Mama watoto hakwenda kwa ajenti. Alizibakisha zile pesa kwenye simu, akampa kijana noti ya mia tano kutoka kwa mkoba wake. Na sasa kijana, ambaye juzi tu alikuwa mfano wa kuigwa, amepiga hesabu akagundua kwamba kutoa mia tano ni shilingi 29, shosho alituma 529, hakuna aliyetoa chochote, kwa hiyo mama yake amekalia 29 zake. Mama anasema hizo ni za usumbufu. Kijana anasema kwenye hosteli ya dada usumbufu ni 20, arudishiwe 9. Kesi imeletwa kwangu, nami nimeiahirisha hadi Jumapili, maana hukumu yoyote nitakayoitoa Gatundu wataisikia kabla sijanyanyuka kwenye kiti.